Mapitio ya PARI/GP: programu ya namba nzima, imepimwa kwa 18,446,744,073,709,551,615

Ukiingiza 2 kwa kipeo cha 64 kisha ukatoa 1 kwenye vikokotoo vingi vya simu, jibu linalotokea ni 1.8446744 na tarakimu chache za ziada, likifuatiwa na E19, yaani kadirio. Ukiiandika namba yenyewe kwa ukamilifu wake, 18,446,744,073,709,551,615, ndani ya programu ya majedwali ambayo wengi wetu tunaitumia maofisini na mashuleni, tarakimu 15 za mwanzo hubaki kama zilivyo na tano za mwisho hugeuzwa sifuri bila onyo lolote. Kwa mtu anayekadiria gharama za saruji, hasara hiyo si kitu. Kwa anayetaka kujua namba hiyo inagawanyika kwa nini, hasara ni kubwa mno, kwa kuwa namba inayoishia na sifuri tano ni shufwa na inagawanyika kwa 32, ilhali namba tuliyoanza nayo ni witiri. Chombo kimeibadilisha namba kuwa namba nyingine yenye sifa nyingine kabisa, kikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

PARI/GP haina tabia hiyo, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuiandikia mapitio haya. Ni programu huria ya hesabu za namba iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, Ufaransa, na kikundi kilichoongozwa na Henri Cohen, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikisimamiwa na Karim Belabas wa chuo hicho hicho, akisaidiwa na wachangiaji wa kujitolea. PARI ni maktaba ya kanuni za kukokotoa iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo waandishi wa programu wanaweza kuiingiza katika kazi zao. GP ni dirisha ambamo mtu yeyote anaandika swali, anabonyeza kitufe cha kuingiza na kupata jibu. Ninayoyaeleza hapa yanahusu GP. Haina bei, leseni yake ni GPL, yaani ile ya programu huria inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na hakuna toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya lile la bure.

Namba niliyoitumia kuipimia sikuiokota njiani. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 64 bila alama ya hasi, kwa hiyo iko kwenye ukingo ambapo kichakata cha kompyuta za kisasa huishiwa nafasi ya kuishika namba nzima kwa mkupuo mmoja, na chombo dhaifu huanza kuyumba hapo hapo. Tena ni namba kongwe. Al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarazm, aliikokotoa yapata miaka elfu moja iliyopita kama jumla ya punje zinazowekwa kwenye miraba 64 ya ubao wa sataranji, moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi mraba wa mwisho; katika karne ya 13 Ibn Khallikan akakiandika kisa cha mfalme aliyeombwa zawadi ya ngano kwa hesabu hiyo. Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas aliirudisha kwa sura nyingine katika mchezo wake wa Mnara wa Hanoi: kwa visahani 64, hatua chache kabisa zinazohitajika kuvihamisha vyote ni hizo hizo 18,446,744,073,709,551,615, ambazo kwa kasi ya hatua moja kila sekunde zingechukua takriban miaka bilioni 585.

Kuipata programu si kazi. Watumiaji wa Windows wanapakua faili la kusakinisha kutoka tovuti ya mradi, wale wa Debian na Ubuntu wanakuta kifurushi cha pari-gp katika hazina ya mfumo wao, na kwa simu za Android limewahi kutolewa toleo linaloitwa Paridroid. Lipo pia toleo la kivinjari kwenye tovuti ya mradi, na kwa mwalimu au mwanafunzi mwenye simu tu na bando la kubana, hilo ndilo ninalolipendekeza, kwa sababu ukurasa ukishafunguka hesabu hufanyika ndani ya kifaa chako wala si kwenye seva ya mbali. Kinachopotea ni kasi kidogo, na kwa namba za tarakimu 20 hutaitambua tofauti. Sura ya programu haitamvutia mtu: ni dirisha tupu lenye alama ya kuuliza inayosubiri uandike, bila vitufe wala menyu ya maana. Aliyezoea kugusa picha atahisi ametupwa porini kwa dakika za mwanzo.

Andika n = 2^64 - 1 na GP itajibu %1 = 18446744073709551615, tarakimu zote 20. Alama ya %1 inamaanisha hilo ni jibu la kwanza katika orodha inayotunzwa, na unaweza kuliita tena baadaye kwa kuandika %1 popote unapolihitaji, jambo linalookoa muda sana hesabu inapokuwa ndefu. Hakuna haja ya kuiomba programu usahihi wa ziada, maana namba nzima ndani ya GP hubaki nzima hata ikifikisha maelfu ya tarakimu. Ukiandika 2.0^64, yaani ukiweka nukta ya desimali, ndipo inapohamia kwenye namba za desimali zenye kikomo cha tarakimu, na tofauti hiyo ya nukta moja inafaa ijulikane mapema kwa kuwa maswali ya kugawanyika hayana maana upande huo. Amri ya sumdigits(n) inarudisha jumla ya tarakimu, ambayo ni 87. Kwa kuwa 87 inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, tunajua kwa kanuni ya darasani, kabla ya kuuliza lolote lingine, kwamba 3 ni kigawo cha n na kwamba kinaingia mara moja tu. Ninapenda kuanza na swali la namna hii ambalo jibu lake naweza kulihakiki kwa kalamu, kisha ndipo nimwamini msaidizi kwa yale nisiyoweza.

Amri iliyoipa programu hii sifa yake ni factor. Ukiandika factor(n), unapata jedwali la safu mbili: kushoto vigawo tasa, kulia idadi ya mara kila kimoja kinavyoingia. Kwa namba yetu kushoto kuna 3, 5, 17, 257, 641, 65537 na 6700417, na kulia kuna 1 tupu kuanzia juu hadi chini, maana yake hakuna kigawo tasa kinachojirudia. Jibu linatoka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Hapa pia ndipo pa kusema wazi kwamba mtumiaji anayeishia kwenye jedwali hilo amechukua nusu ya bidhaa. GP imesema vigawo ni hivi saba. Haijasema kwa nini ni hivi na si vingine, wala haikukusudiwa kusema bila kuulizwa. Sababu inapatikana kwa kanuni ya a² − b² = (a − b)(a + b), ambayo kila aliyepita sekondari aliwahi kuisoma. Kwa kuwa 64 ni shufwa, 2^64 − 1 ni (2^32 − 1)(2^32 + 1). Mabano ya kwanza yanapasuka tena kuwa (2^16 − 1)(2^16 + 1), na upasuaji unaendelea hivyo hivyo hadi tunapobaki na 2 − 1, ambayo ni 1 na haiongezi kitu. Yanayosalia ni mabano ya kujumlisha peke yake: 3, 5, 17, 257, 65537 na 4294967297. Hizo ndizo namba sita za kwanza za Fermat, zilizopewa jina la Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17 aliyeamini kwamba kila namba ya aina hiyo ni tasa. Tano za mwanzo kweli ni tasa. Ya sita ndiyo iliyojitokeza katika jedwali ikiwa vipande viwili, 641 na 6700417, na aliyeivunja mara ya kwanza ni Leonhard Euler, mwaka 1732. Hadi leo hakuna namba nyingine ya Fermat iliyopatikana kuwa tasa zaidi ya zile tano. Kwa vile GP hupanga vigawo kwa ukubwa, 641 imekaa kati ya 257 na 65537 kama mgeni aliyeingia katika picha ya familia, na mtu asiyeijua historia hii hawezi kumtambua kwa kutazama.

Euler hakuipata 641 kwa kupapasa. Alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha 2^32 + 1 lazima kiwe na umbo la 64k + 1, na hilo linapunguza kazi kiasi cha kushangaza: ukianza na k = 1 unapata 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, na ukitupa zisizo tasa zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641, kwa hiyo jaribio la tano tayari linafaulu. Katika GP msako wote huo ni mstari mmoja wa amri ya for, na ninamshauri kila anayeijaribu programu aufanye mwenyewe akichapisha baki la kila mgao, aone 257 ikiacha 2 na 641 ikiacha 0. Ukitaka kuhakikisha bila kugawanya kabisa, ipo njia fupi inayotegemea bahati mbili za 641: kwamba ni sawa na 5 × 2^7 + 1, na kwamba ni sawa pia na 5^4 + 2^4. Kutokana na bahati ya kwanza, 5 × 2^7 ina baki la −1 ikigawanywa kwa 641. Ukiipandisha kwenye kipeo cha nne, 5^4 × 2^28 ina baki la 1. Kutokana na ya pili, 5^4 inaweza kubadilishwa na −2^4. Weka mahali pake, na unapata kwamba −2^32 ina baki la 1, ambayo ni kusema 2^32 + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. GP inakuwezesha kuzitazama hatua hizi moja moja: andika Mod(2, 641)^32 na inajibu Mod(640, 641), na 640 katika ulimwengu wa 641 ndiyo −1.

Aina hiyo ya Mod, inayobeba namba pamoja na kigawanyo chake, ndiyo sehemu ninayoiona imefikiriwa vizuri kuliko zote, kwa sababu inaruhusu kuuliza swali la sababu. Amri ya znorder(Mod(2, p)) hurudisha kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki la 1 kikigawanywa kwa p. Iulize kwa vigawo vyetu saba, vyote kwa pamoja kama ifuatavyo: apply(p->znorder(Mod(2,p)), factor(n)[,1]). Majibu yanatoka kwa mpangilio wa jedwali: 2, 4, 8, 16, 64, 32, 64. Itazame safu hiyo kwa makini. Vipeo vinapanda kwa kuzidishwa mara mbili, isipokuwa 641 na 6700417 ambazo zote mbili zina 64, na hiyo ndiyo alama kwamba zimetoka kwenye mabano mamoja, wakati 65537 yenye 32 ni ya mabano yaliyotangulia. Kilichokuwa kimefichwa na mpangilio wa ukubwa kimerudi hadharani kwa amri moja. Sharti la Euler nalo linaonekana limetoka wapi: kipeo hicho lazima kigawanye p − 1, na kweli 640 ni 64 × 10, na 6700416 ni 64 × 104694.

Sifa nyingine za namba zinafuata kwa urahisi na sitazikalia sana. Amri ya numdiv(n), inayohesabu vigawo vyote vya n, vilivyo tasa na visivyo tasa, inatoa 128, kama inavyotarajiwa kwa vigawo tasa saba ambavyo kila kimoja ama kinachukuliwa ama kinaachwa. Jumla ya vigawo hivyo vyote, kwa amri ya sigma(n), ni 31421980989189888768. Ukiiondoa n yenyewe, vinavyobaki havifikii n, kwa hiyo ni namba pungufu. Amri ya binary(n) inachapisha 1 mara 64.

Ya eulerphi inastahili kusimamiwa kidogo. Kwa n inatoa 9208981628670443520, idadi ya namba zisizozidi n ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1, na idadi hiyo ni pungufu kidogo tu ya nusu ya n. Iulize kwa 2^32 − 1 peke yake na jibu ni 2147483648, ambayo ni 2^31 kamili, na ukamilifu huo una matokeo ya kijiometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka 18, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari, kisha akaendelea kuonyesha kwamba umbo lolote ambalo idadi ya pande zake ina eulerphi iliyo kipeo cha 2 huchorwa hivyo. Mwaka 1837 Pierre Wantzel akathibitisha kwamba maumbo mengine hayawezekani. Kwa hiyo vigawo 31 vya 2^32 − 1 vilivyo zaidi ya 1, ambavyo amri ya divisors inaviorodhesha kwa mstari mmoja, ndiyo orodha yote inayojulikana ya maumbo ya pande witiri yanayochorwa kwa rula na bikari, kuanzia pembetatu hadi umbo la pande 4,294,967,295. Mjerumani Johann Hermes alitumia takriban miaka kumi kuandika namna ya kuchora lile la pande 65,537 akamaliza mwaka 1894, na maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen. Sijui kama wivu au huruma ndiyo hisia ifaayo.

Kuhusu utasa, programu ina amri mbili zinazofanana kwa jina na ni vizuri zisichanganywe. Amri ya ispseudoprime hutumia jaribio la haraka linalojulikana kwa herufi za mwanzo za majina ya wabunifu wake, BPSW, ambalo kinadharia linaweza kudanganywa na namba isiyo tasa. Amri ya isprime hutoa uthibitisho kamili. Inatokea kwamba namba zote zilizo chini ya 2^64 zimeshakaguliwa na hakuna hata moja inayolidanganya jaribio hilo, hivyo mpaka kwenye namba yetu, na inaishia hapo hapo, jaribio la haraka ni sawa na uthibitisho. Ukivuka, tumia isprime na uvumilie. Kwa walio na udadisi wa majirani, precprime(n) inatoa 18446744073709551557 na nextprime(n) inatoa 18446744073709551629, kwa hiyo namba ya sataranji imekaa ndani ya mwanya wa hatua 72 usio na namba tasa hata moja katikati yake.

Malalamiko yapo, na mengine ni ya msingi. Maelezo yote, kuanzia mwongozo hadi ujumbe wa makosa, ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanahisabati wanaozungumza na wanahisabati. Alama ya kuuliza ikifuatwa na jina la amri, kwa mfano ?znorder, inaleta maelezo mafupi, lakini ni mafupi kweli kweli. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishani, kwa hiyo Mod inafanya kazi na mod inakataliwa. Ukinakili namba iliyotenganishwa kwa mkato, kama nilivyoiandika katika kichwa cha mapitio haya, inakataliwa pia kwa nyota tatu na sentensi inayomwacha mgeni akijiuliza amekosea wapi. Ondoa mikato kwanza. Kumbukumbu inayotengewa hesabu mwanzoni ni ndogo, takriban megabaiti 8, na kazi kubwa husimama njiani kwa ujumbe kwamba nafasi imejaa hadi uongeze mwenyewe kwa allocatemem. Haya yote yanazoeleka. Nisilolipenda hata baada ya kuzoea ni ukimya wake: ukiipa namba ngumu, inakaa kimya bila kuonyesha imefika wapi, na huwezi kutofautisha kazi inayokaribia kwisha na ile itakayokesha, isipokuwa umeibadilisha mipangilio ya ndani kabla ya kuanza. Kitufe cha Ctrl pamoja na C kinaikatisha bila kupoteza majibu yaliyotangulia, na hilo angalau linasaidia.

Wako washindani wa bure. Amri ya factor iliyomo ndani ya Linux yenyewe inaivunja n papo hapo, lakini haijui kingine zaidi ya hicho. Kikokotoo cha vigawo cha Dario Alpern kinachofanya kazi ndani ya kivinjari ni kizuri sana kwa kuvunja namba kubwa na kinakuonyesha maendeleo ya kazi, jambo ambalo GP ingefaa kujifunza. Wolfram Alpha inajibu maswali yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, ya Kiingereza, na inapamba majibu yake, ila inataka intaneti kila unapouliza. Kwa mtu anayetaka jibu moja, chochote kati ya hivyo kinatosha. Kwa anayetaka jibu la kwanza limzalie swali la pili, na la pili limzalie la tatu, GP inawaacha mbali, kwa sababu kila jibu lake ni kitu unachoweza kukiingiza katika amri inayofuata. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, walimu wa sekondari wenye kundi la wapenda hesabu, na waandishi wa programu wanaogusa usimbaji fiche ndio watakaofaidika. Mwanafunzi wa shule ya msingi atahitaji mtu wa kukaa naye.

Uwezo wake juu ya 2^64 nimeupima kwa ndugu wa namba hiyo hiyo. Mabano yanayofuata, 2^64 + 1, Fortuné Landry aliyavunja mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82, kuwa 274177 na 67280421310721. Yanayofuata tena, 2^128 + 1, yalisubiri hadi mwaka 1970, Michael Morrison na John Brillhart walipoyavunja kwa kompyuta kuwa 59649589127497217 na 5704689200685129054721. GP inazimaliza zote mbili kwa kufumba na kufumbua. Kikomo chake kinakuja karibu na tarakimu 100, namba inapokuwa zao la namba mbili tasa zenye ukubwa unaokaribiana, kwa kuwa programu haina ile mbinu nzito inayotumiwa kwenye rekodi za dunia. Funguo za usimbaji zenye tarakimu 617 hazina cha kuhofia kutoka kwake.

Kuna swali moja ambalo ni jepesi kuuliza na ambalo halifai kupelekwa GP: chini ya 2^64 kuna namba tasa ngapi? Amri ya primepi ipo na inajibu haraka kwa namba za wastani, lakini njia yake ni ya kuhesabu kwa kupita, na kwa n utazeeka mbele ya kioo. Jibu ni 425,656,284,035,217,743, na programu huria ya primecount, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, ndiyo ya kutumia ukitaka kulihakiki.